Mafuru Anataja Bei

Jumatatu, 3 Machi

Mafuru yuko chini ya blanketi tangu asubuhi. Anarekodi namba. Blanketi ni langu, nimelitoa nyumbani Butimba ili lizuie kelele za barabarani, na sasa linanuka jasho lake. Nimemwambia atalifua yeye. Anasema "elfu kumi na moja", anacheka peke yake humo ndani, anaanza upya. Joto la kufa mtu. Mimi nimeegemea ukuta na kompyuta mapajani, najifanya sicheki.

Wenye maduka wameomba bei kubwa. Mpaka leo Taja, programu yetu ya kutaja bei, inasoma mwisho elfu kumi, na kuna watu wanauza magunia. Kwa hiyo elfu kumi kwenda juu. Mimi tangu mwanzo sikutaka sauti ya mtu, nilitaka sauti ya mashine, nikashindwa wawili kwa mmoja. Wenzangu, Shabani na Mafuru, walikuwa sahihi, lakini sitawaambia. Mashine ilikuwa inataja bei kama mgeni aliyeshuka jana uwanja wa ndege. Mafuru anataja kama mtu wa hapa hapa, mtoto wa Ukerewe asiye na haraka. Kina mama wa madukani wanampenda bila kumjua.

Rekodi ndefu anakaa nazo yeye, kwenye kompyuta yake. Zile zenye kukohoa, kuimba, kunisema vibaya kati ya namba na namba. Mimi ananipa vipande vilivyokatwa tu. Nimemkataza kunijazia kompyuta upuuzi wake.

Ujumbe umekuja kutoka kwa wenye duka la programu. Tutoe toleo jipya kabla Machi haijaisha, la sivyo wanaiondoa Taja dukani kwao. Sawa. Toleo liko karibu.

Alhamisi, 6 Machi

Ramadhani na Kwaresima zimekuja pamoja mwaka huu. Shabani amefunga, Mafuru tangu jana ameacha soda na anateseka kuliko Shabani. Nakula peke yangu, nje, nimesimama kama mwizi. Shabani anasema Mlutheri wa Bukoba kama mimi hafungi kwa sababu ameshasoma sana. Nshomile, yaani msomi, kutwa nzima. Mama alituma mkungu wa ndizi kwa meli na huyo huyo Shabani amebeba nusu kwenda nao nyumbani kufuturu.

Halafu shida. Kuna mama mwenye duka Buzuruga, simu yake imejiwekea mfumo mpya, na Taja haifunguki. Inawaka, inazima. Shabani amekwenda na amerudi na sura mbaya. Mama wa watu ana bidhaa zaidi ya mia tatu humo ndani. Sabuni na dawa ya meno zina msimbopau wa kiwandani, hizo hazisumbui. Lakini karanga, dagaa, sukari ya kupima, hivyo tunamchapishia sisi mistari yetu. Anabandika kwenye mfuko, analenga kamera, anarekodi jina la kitu kwa sauti yake mwenyewe, anaweka bei. Kimoja kimoja. Ni kazi ya wiki, tena anaifanya huku anauza.

Nimemwambia Shabani amwambie hivi: havijapotea, vimefungiwa tu. Nikirekebisha, vitafunguka. Nimeshaona tatizo lilipo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemaliza! Nimejaribu kwenye simu tatu zenye mfumo mpya. Inafunguka, bidhaa zote zipo. Nilipiga kelele mpaka Bi Zuhura akauliza kupitia ukutani kumetokea nini.

Bi Zuhura ni mama mkubwa wa Shabani. Chumba chetu ni iliyokuwa stoo ya duka lake, Mirongo, na Taja ilianza kwa ajili yake. Presha ya macho imemla, anaona vivuli. Watoto wake walioko Dar wanataka afunge duka akakae kwao. Yeye anasema duka lake linaongea, afunge ya nini? Kutwa tunawasikia wakijibizana ukutani, sauti yake na ya Mafuru. Yeye anasema, "Sukari robo." Mafuru anamalizia, "Mia nane."

Leo Mafuru alitaka tulitoe toleo hapo hapo. Nikasema hapana, Jumatatu. Hatutoi Jumamosi. Ni sheria yetu tangu ile programu ya kwanza, ya kukagua tarehe za dawa. Tuliitoa Jumamosi, ikaharibika, mmoja yuko kanisani, mwingine harusini, simu zinaita tu. Tangu hapo Ijumaa mpaka Jumapili hatugusi. Mafuru akasema, "Koku, watu wamekwama." Nikasema sheria ni sheria. Akanyanyua mikono.

Atalitoa yeye Jumatatu, maana ndiye mwenye funguo. Kila mtu ana chake. Maduka ni ya Shabani. Programu naiandika mimi. Akaunti na ufunguo ni vya Mafuru. Huo ufunguo ni faili tu, lakini ndio muhuri wetu. Toleo lisilo na muhuri ule ule simu inalikataa. Upo kwenye kompyuta yake, na akaunti haifunguki mpaka uweke tarakimu zinazotumwa kwenye simu yake. Hatujawahi kumwomba nakala. Utamwombaje nakala mtu mnayekula sahani moja? Ni kumwambia humwamini. Anajiita mshika funguo wa parokia.

Na zile namba kubwa atanipa Jumatatu hiyo hiyo.

Jumapili, 9 Machi

Mafuru amefariki.

Pikipiki. Buzuruga, anatoka misa. Shabani ndiye kanipigia. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Jumatano, 12 Machi

Tumemzika jana, kwao.

Meli ilijaa. Jeneza liliwekwa chini, watu wakaketi kulizunguka, ndugu zake wakaimba njia nzima hadi Nansio, Ukerewe. Mimi nilikaa nyuma na Shabani. Alikuwa hajala daku wala hajalala. Ziwa lilikuwa shwari kabisa, na hilo liliniudhi, sijui kwa nini. Bi Zuhura alitaka kuja tukamkatalia. Akatupa vitenge viwili vya kumpelekea mama yake Mafuru.

Mama Mafuru sikuwahi kumwona. Mdogo, mwembamba, ameketi mkekani mlangoni pa chumba cha ndani. Nikapiga magoti, shikamoo mama, pole mama. Akanishika mikono yote miwili. "Wewe ndiye Koku. Umekula, mwanangu?" 

Begi jeusi la Mafuru nililiona. Kompyuta na simu vimo. Baba yake mdogo, ambaye ndiye anasimamia kila kitu pale, alilichukua mikononi mwa Shabani, akaliingiza chumba cha ndani pamoja na nguo zake. Mama akabaki mlangoni mwa chumba hicho. Shabani akanitazama. Nilijua anachotaka. Nikatikisa kichwa.

Ningesemaje? Mama poleni na msiba, naomba kompyuta? Kwetu hutoki makaburini ukaulizia mali ya marehemu. Sidhani kuna mahali watu wanafanya hivyo. Baba mdogo alisema matanga yataanuliwa Jumamosi ya wiki ijayo, na siku hiyo vitu vya marehemu vitazungumzwa. Tutarudi siku hiyo. Watu wazima wanangoja.

Ijumaa, 14 Machi

Nimerudi kazini. Nilikaa, nikafungua kompyuta, na ukutani Mafuru akasema, "Elfu moja mia mbili."

Nilitoka nje.

Nilisimama upande wa barabara mpaka Shabani akaja. Yeye alikuja jana, kwa hiyo alishakutana nayo. Akaniambia utazoea. Nikamwambia sitaki kuzoea. Bi Zuhura ameuliza kama azime sauti. Akizima sauti hana duka. Tukamwambia aache.

Blanketi liko kwenye kona, limekunjwa. Alilikunja yeye. Sijalifua.

Maduka mengine matatu yamekwama leo. Mfumo mpya unaingia kwenye simu zenyewe, moja leo, nyingine kesho, huwezi kujua zamu ya nani. Dawa ninayo hapa mezani. Imeiva, imejaribiwa. Siwezi kumpa mgonjwa hata mmoja.

Jumatatu, 17 Machi

Nimewaandikia wenye duka la programu. Nimeeleza: mwenye akaunti amefariki, sisi ni wenzake, hiki ni kibali cha mazishi, tunaomba njia. Jibu limekuja kabla sijanyanyuka kwenye kiti. Asante kwa kuwasiliana nasi. Kwa usalama wako, mwombe mwenye akaunti aingie kwenye akaunti yake.

Nikaandika tena, mara hii kwa hasira. Jibu lile lile, neno kwa neno. Hakuna mtu kule. Naongea na ukuta, na ukuta wangu mwingine unataja bei.

Watu wanauliza kwa nini tusiwawekee programu upya kwa waya. Shabani amechoka kueleza. Bila muhuri wa Mafuru simu inakataa mpaka ufute ile ya zamani kwanza. Ukifuta ya zamani, majina yote na bei zote vinakwenda nayo. Mama wa Buzuruga amesema anangoja. Anauza kwa kukisia bei. Ananitia aibu kwa uvumilivu wake.

Jumatano, 19 Machi

Tumegombana, mimi na Shabani. Anataka kumpigia baba mdogo leo. Aseme tu: mzee, tunaomba hiyo kompyuta isiguswe. Neno moja, anasema, siyo dhambi. Nikamwambia hamjui mama aliyekaa pale mkekani? Zimebaki siku chache, atulie. Akasema maduka yanakufa. Nikasema Mafuru ndiye amekufa, maduka yamekwama tu. Alinitazama vibaya sana. Akachukua kofia yake akaenda kuswali, na alasiri haikuwa imefika.

Hakupiga. Nilimwomba asipige.

Jumapili, 23 Machi

Niandike taratibu.

Tulikwenda jana. Matanga yameanuliwa, watu wamekula, wazee wamekaa. Ikafika kwenye vitu vya marehemu. Mrithi ametajwa, nguo zikagawiwa. Kompyuta amepewa dada yake, Veneranda, anayesoma ualimu huku Butimba. Simu amepewa binamu. Nikaona sasa ndiyo nafasi yetu. Shabani akaomba ruhusa, akasimama, akaeleza kwa heshima zote kwamba ndani ya kompyuta kuna faili letu moja, na kwenye simu kuna tarakimu.

Baba mdogo akatabasamu. Tabasamu la mtu aliyefanya jambo jema. Akasema tusiwe na wasiwasi, hakuna aliyechungulia kitu. Siri za marehemu ni zake mwenyewe. Jumanne alimwita fundi pale Nansio, akamwambia afute vyote bila kuangalia hata kimoja, kompyuta na simu, mtoto aanze na kitu kisafi. Na laini aliikata kwa mkono wake ili watu wasije wakapokea mambo ya mtu asiyekuwepo.

Fundi amepiga windo upya, yaani kaweka mfumo mwingine mtupu. Veneranda alinifungulia nione. Tupu kabisa. Ile picha ya bluu, na pipa la taka.

Nikasema asante mzee. Nikasema, mmefanya vizuri. Ndivyo nilivyosema, na hata sasa sioni ningesema nini kingine. Walimfichia siri zake. Sisi tulimlindia mama yake. Kila mtu alikuwa na adabu.

Kwenye meli Shabani alikwenda kukaa mbele, mbali nami. Afadhali angenitukana. Jumanne, na mimi Jumatano nilikuwa namzuia asipige simu. Kwa hiyo hata ile simu ingekuwa imechelewa. Nimelishikilia hilo njia nzima. Lakini alinitazama Jumanne ile ya mazishi, na kichwa kilichotikiswa ni changu.

Jumanne, 25 Machi

Veneranda ametuazima kompyuta, na fundi wa Mirongo, wa pili kuitazama, naye anasema hivyo hivyo. Faili limeandikiwa vingine juu yake, halitoki. Alijaribu. Hakutaka hata kunilipisha, na hapo ndipo nilipojua kwamba kweli hakuna kitu.

Rekodi ndefu nazo zilikuwa humo. Sikuwaza hilo mpaka leo, nikiwa barabarani narudi. Kucheka kwake, kuimba, kunisema vibaya chini ya blanketi langu. Nilimkataza mwenyewe asinipe.

Baba mdogo amepiga simu. Wamesikia kwa Veneranda tulichopoteza, ameumia sana. Anauliza, tukirudisha laini itasaidia? Nikasema ndiyo. Laini ikirudi, tarakimu zitakuja. Akaunti ikifunguka, unaweza kuomba muhuri mwingine ukapewa. Ukoo unakaa kesho kuandika muhtasari wa kikao. Ijumaa wanavuka, yeye, Mama Mafuru na Veneranda, twende ofisi ya simu pamoja.

Sitaki kutumaini. Natumaini.

Ijumaa, 28 Machi

Tulikuwa wa kwanza mlangoni. Baba mdogo amevaa koti, ana karatasi za ukoo zenye muhuri wa mtendaji. Mama Mafuru kavaa kimoja kati ya vile vitenge vya Bi Zuhura. Shabani amenyoa.

Binti wa kaunta hakuwa mbaya. Alisikiliza. Akasema laini inarudishwa kwa alama ya kidole, anahitajika mwenye laini aweke kidole hapa. Nikamweleza tena, mwenye laini ni marehemu. Akasema anaelewa, lakini mashine inataka kidole, la sivyo mpaka mirathi ifunguliwe mahakamani, iishe, ndipo warudi. Ni miezi. Baba mdogo anamwonyesha karatasi, yeye anamwonyesha mashine. Mama Mafuru akasogea. Akainama kidogo kwenye kioo, akasema polepole, "Mwanangu, kidole chake tumekizika."

Binti alisimama. Akazunguka kaunta, akampigia magoti, akasema shikamoo mama, nisamehe. Akalia yeye. Mama akambembeleza. Lakini laini haikurudi.

Ningeishia hapo ingetosha kwa siku moja. Mama Mafuru akasema hawezi kuvuka bila kumshukuru Bi Zuhura kwa vitenge. Nikawaongoza mpaka dukani. Sikukumbuka. Naapa, kichwa changu kilikuwa kule ofisini. Bi Zuhura alikuwa anamhudumia mteja, akalenga mfuko wa karanga, na Mafuru akasema, "Mia saba."

Mama alikuwa ameweka mguu mmoja kizingitini. Akageuka nyuma yake. Akatazama barabarani, kisha akatazama kona ya duka, kwenye magunia. Nikamshika. Nikamwambia mama, ni simu, alirekodi mwaka juzi, inataja bei tu. Akawa ananiangalia kama simalizi maneno yangu. Veneranda alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Akaketi kwenye kreti. Akapumua. Akasema, "Nipe chumvi."

Bi Zuhura haoni lakini alishaelewa. Akapapasa rafu, akalenga. Sauti yake yeye, "Chumvi." Sauti ya Mafuru, "Mia tano."

"Na kiberiti."

Mia moja.

"Na sabuni ile ya kipande. Na majani ya chai. Na chumvi nyingine."

Bi Zuhura alikuwa analenga taratibu, anangoja imalize ndipo achukue kingine. Wateja walikuja wakasimama nje, wakaambiwa na Shabani wangoje, wakangoja. Baba mdogo aliligeuzia duka mgongo. Alipotaka kulipa, Bi Zuhura alikataa katakata. Mfuko ulikuwa umejaa.

Kisha Mama Mafuru akanigeukia mimi. "Anaweza kusema kitu kingine?"

Nikamwambia hapana, mama. Ni namba tu.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Bi Zuhura ametupikia pilau, ametutaka wote. Nimekula. Mchana nilitafuta Taja kwenye duka la programu, kwa kujaribu tu. Haipo. Hakuna ujumbe, hakuna kwaheri. Ukitafuta unaletewa mchezo wa kuchora.

Shabani aliniona. Akaniongezea nyama kwenye sahani, akasema kula, nshomile. Ni mara ya kwanza kunitania tangu msiba. Nikataka kulia juu ya pilau la watu.

Maduka ambayo Taja bado inafunguka sasa yanahesabika. Bi Zuhura ni mmojawapo, kwa sababu Shabani alizima intaneti kwenye simu yake tangu mwanzo na kuapa kumkata mkono atakayeiwasha.

Jumatano, 2 Aprili

Ameiwasha mwenyewe.

Ilikuwa Idi. Wanawe wa Dar walitaka kumpigia ya video, wajukuu wamevaa nguo mpya. Picha haoni vizuri, lakini alitaka kuwasikia wote kwa pamoja. Akamwomba jirani amfungulie intaneti. Waliongea muda mrefu, anasema walicheka sana. Hakuizima. Simu ikavuta mfumo kidogo kidogo, na leo asubuhi ikajiwasha upya.

Nilijua kabla hajaniita. Nilikaa kwenye meza yangu na ukuta ulikuwa kimya. Nikasikia mteja anaomba unga. Nikasikia Bi Zuhura anapapasa. Kimya. Anapapasa tena. Kisha akasema, "Shabani, amenyamaza."

Hatukumgombeza. Mtu asiongee na wanawe siku ya Idi? Aliomba radhi mara nyingi mpaka Shabani akamwomba aache. Jioni mwanawe mkubwa alipiga. Sikusikia yeye alisema nini, nilimsikia Bi Zuhura tu: tutaona, mwanangu, tutaona. Siku zote jibu lake huwa hapana.

Nimekasirika, na sina wa kumkasirikia. Mashine imefanya kazi yake. Baba mdogo alifanya jambo la heshima. Mimi nilishika sheria. Nimetafuta mtu mbaya kwenye habari hii, nimemkosa.

Jumatatu, 7 Aprili

Tumefungua akaunti mpya, kwa jina langu. Taja mpya, ufunguo mpya. Shabani aliuliza nani ataushika. Nimeutengenezea nakala tatu, yangu, yake, na moja ya Veneranda. Tulipeana pale pale mezani bila aibu yoyote. Kumbe ni jambo la kupeana tu.

Kina mama wa maduka wataanza upya, kitu kimoja kimoja. Wengine wamesema hawataki tena. Siwezi kuwalaumu. Mama wa Buzuruga ameuliza kitu kimoja tu, kama sauti ni ile ile.

Ni ile ile. Vile vipande alivyonikatia ninavyo. Moja mpaka elfu kumi. Kupita hapo Taja inanyamaza na kuandika tu kwenye kioo. Shabani anasema nisome mimi zilizobaki, niingie chini ya blanketi. Nimekataa. Labda siku moja. Sasa hivi hapana.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua ya asubuhi, kisha jua. Tumemwekea Bi Zuhura Taja mpya kwa waya, kwenye duka la programu haijafika bado. Tumemwambia atusubiri tumsaidie kuingiza bidhaa. Kasema ataanza mwenyewe. Mpaka saa sita alikuwa ameingiza kimoja tu, anarekodi jina, haridhiki nalo, anarudia. Nilikuwa namsikia ukutani.

Mama Mafuru amevuka na meli ya asubuhi kumwona Veneranda. Hakwenda Butimba kwanza, alikuja hapa. Nilimwamkia, nikamwekea kreti. Nikataka kumweleza yaliyotokea, kwamba ilizima, kwamba tumeanza upya, kwamba rafu yote hii bado haina sauti. Akawa anaitikia marahaba, sawa mwanangu, sawa. Sijui kama alisikia.

Bi Zuhura akamuuliza ampe nini.

"Chumvi," akasema.

Ndiyo ile moja aliyokuwa ameingiza. Bi Zuhura akalenga. Mia tano, akasema Mafuru.

Akaomba nyingine. Akaomba nyingine tena. Bi Zuhura akawa analenga kila moja, Mafuru anataja. Alipotosheka alifunga mfuko kwa kitambaa, akasimama, akaaga.

Nilimsindikiza mpaka kituoni. Mfuko niliubeba mimi, ulikuwa mzito.